Kuhesabiwa si kujulikana

MPENZI msomaji, kabla hujaendelea kusoma ukurasa huu, hebu chukua simu yako na uyatazame majina uliyoyahifadhi humo. Utamkuta Mama Mboga. Utamkuta Fundi wa Bomba, Soja wa Geti, Kinyozi, Mtu wa Maji na Mwenye Nyumba. Wote hao unawapigia kila mara, na huenda mmoja wao amekuhudumia kwa zaidi ya miaka mitano. Jina alilopewa na mamake, je, unalijua?

Sasa ligeuze swali hilo likuelekee wewe. Katika simu ya Mama Mboga, wewe umeandikwa nani? Pengine wewe ni "Mteja wa Juu", au "Mama wa Deni". Kazini wewe ni nambari katika orodha ya mishahara. Hospitalini wewe ni kadi. Mjini tunaishi hivyo, bega kwa bega, huku kila mmoja akimjua mwenzake kwa kile anachopata kutoka kwake.

Wengine husema kwamba upweke ni shida ya mtu asiye na watu. La hasha! Mtu anaweza kuwa na marafiki 5,000 katika Facebook, akawa na mume au mke na watoto wanne mezani, na bado akalala usiku akijiambia kwamba hakuna hata mmoja anayemjua kikweli. Na kuna mwingine ambaye huketi benchi la nyuma kanisani mwaka nenda mwaka rudi, akatoa sadaka, akaimba, akarudi nyumbani, na siku akikosa kuja hakuna anayeuliza.

Ni kwa ajili ya mtu huyo ninaandika leo. Imani ya Kikristo inadai jambo ambalo, ukilitafakari, linashangaza: kwamba Mungu aliyeumba nyota na bahari anamjua mtu mmoja mmoja. Sisemi anaujua umati, wala ukoo, wala dhehebu. Anakujua wewe unayesoma gazeti hili.

Jina na nambari

Sisi Waafrika tunaelewa uzito wa jina. Mjaluo akimwita bintiye Akinyi, anatuambia kwamba mtoto huyo alizaliwa asubuhi. Akimwita Atieno, alizaliwa usiku. Kwa Wakamba, Wambua ni mtoto aliyekuja na mvua. Kwa Waluhya, Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno. Mtoto wa Mkikuyu hubeba jina la nyanya au babu yake. Jina kama hilo ni ushahidi kwamba siku ulipokuja duniani kuna mtu aliyekuwa macho, akatazama nje, akaona kama ni mvua au ni jua, kisha akakuita.

Nambari ni kitu kingine kabisa. Wazee wetu waliijua tofauti hiyo kwa uchungu. Kwa sheria ya mwaka wa 1915, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Karatasi hiyo ilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, na ilitiwa katika kijisanduku cha chuma kilichovaliwa shingoni. Wakikuyu wengine walikifananisha na kengele ya mbuzi. Mzungu mwenye shamba alikuwa na habari zote za mtu huyo, lakini hakuwa na haja ya kumjua.

Basi hapo ndipo tunapopata fundisho la kwanza: kuhesabiwa si kujulikana. Mtu anaweza kuwa na faili lako lote na asikujue hata kidogo.

Yesu alipotaka kueleza jinsi anavyowajua watu wake, hakuzungumza kama karani. Katika sura ya 10 ya Injili ya Yohana alizungumza kama mfugaji: mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina, nao huitambua sauti yake. Wenzetu wa Kajiado, Samburu na Turkana hawahitaji kuelezwa maneno hayo. Jioni mifugo inaporudi zizini, mfugaji husimama mlangoni akatazama. Anaijua ile yenye baka jeupe kwenye paji, anamjua yule mwenye pembe iliyopinda, na yule anayependa kubaki nyuma. Mmoja akikosekana, mfugaji hujua ni yupi kabla hata ya kujua wamebaki wangapi.

Msichana wa kazi

Ukitaka kuona jambo hili likitendeka, soma sura ya 16 ya kitabu cha Mwanzo. Humo mna habari za msichana wa kazi aitwaye Hajiri, Mmisri, aliyekuwa akihudumu katika nyumba ya Abramu na Sarai. Bibi mwenye nyumba hakuwa na mtoto. Akaamua kwamba msichana huyo azae na bwanake, ili mtoto awe wake. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba Hajiri aliulizwa maoni yake.

Alipopata mimba, nyumba ikachafuka. Hajiri alianza kumdharau bibi yake, na bibi naye akamtesa hadi akatoroka, mjamzito, akaingia jangwani kwa njia inayoelekea Misri.

Sasa angalia jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita. Katika sura hiyo yote, Sarai hamtaji Hajiri kwa jina hata mara moja. Anasema "mjakazi wangu". Abramu naye anamjibu "mjakazi wako". Msichana amebeba mtoto wa mwenye nyumba tumboni, na bado hana jina midomoni mwao. Wa kwanza kumwita kwa jina katika mazungumzo ni malaika wa Bwana, aliyemkuta kando ya chemchemi ya maji nyikani. Alimwita Hajiri, kisha ndipo akaitaja kazi yake. Jina lilitangulia.

Kisha akamuuliza maswali mawili: ametoka wapi, na anakwenda wapi. Hajiri alijibu la kwanza tu, kwamba anamkimbia bibi yake. La pili hakulijibu. Mwanamke mwenye mimba aliye peke yake nyikani huenda hana jibu la swali kama hilo. Malaika hakumkaripia kwa kunyamaza kwake. Alimwambia kwamba mateso yake yamesikiwa, na kwamba mwana atakayemzaa ataitwa Ishmaeli, maana yake Mungu asikia.

Hajiri naye akafanya jambo ambalo hakuna mtu kabla yake anayetajwa kulifanya katika kitabu hicho: alimpa Mungu jina. Alimwita Mungu anayemwona. Si Abramu, mzee wa imani, aliyefanya hivyo. Ni msichana wa kazi aliyetoroka kwa tajiri wake.

Nadhani kuna yaya mmoja mahali fulani, Buruburu au Nyali au Milimani, atakayesoma kipande hiki cha gazeti baada ya wenyewe kumaliza, labda akifunika nacho sufuria. Dada yangu, habari hiyo iliandikwa kwa ajili yako pia.

Kujulikana kunatisha

Lakini tusidanganyane, mpenzi msomaji. Si kila mtu hufurahi kusikia kwamba anajulikana. Kuna baba mwenye familia ya pili ambayo mkewe haijui. Kuna mama anayekopa kwa siri, na karani ambaye vitabu vyake havilingani. Kwa watu kama hao, habari ya kwamba kuna anayejua kila kitu ni sawa na kusikia kwamba wakaguzi wa hesabu wako mlangoni.

Woga huo ni wa tangu jadi. Adamu na mkewe walipokosea, walijificha kati ya miti. Sisi tumebadilisha miti tu. Wengine hujificha nyuma ya kazi, wengine nyuma ya mzaha, na wengine, ajabu ni kwamba, nyuma ya dini yenyewe.

Kwa nini tunaogopa? Ni kwa sababu tangu utotoni tumejifunza kwamba anayekujua sana ndiye anayeweza kukuaibisha sana. Tunaamini ya kwamba mtu akijua yote, ataondoka.

Hapo ndipo habari ya yule mwanamke Msamaria katika sura ya 4 ya Yohana inapotufaa. Alikuja kisimani saa sita mchana, wakati wa jua kali. Yesu, Myahudi, alimwomba maji, na wakati huo Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Katika mazungumzo, Yesu alimwonyesha kwamba anajua maisha yake: amekuwa na waume watano, na mwanamume aliye naye sasa si mumewe.

Kama ni mtaani kwetu, huo ungekuwa mwisho wa mazungumzo. Mama angeinua mtungi wake akaondoka kwa hasira. Huyu aliuacha mtungi, akakimbia mjini, akawaambia watu waje wamwone mtu aliyemwambia mambo yote aliyoyatenda. Alitangaza kwa furaha jambo ambalo jana lilikuwa aibu yake!

Kilichobadilika ni nini? Waume walibaki kuwa watano. Ila kwa mara ya kwanza alikutana na mtu aliyejua yote na bado akaendelea kuketi. Yesu alimwambia ukweli, na hakumfukuza. Naam, huu ndio moyo wa jambo lenyewe katika imani ya Kikristo. Kupendwa na mtu asiyekujua ni jambo la kupendeza lakini halikai, kwa kuwa kila siku unaogopa atakapogundua. Kujulikana na mtu asiyekupenda ni balaa. Mkristo anaamini kwamba kwa Mungu mambo hayo mawili hayatengani.

Shomoro wa nyongeza

Hata hivyo, kuna swali ambalo haliwezi kukwepwa, na kina mama wengi wameliuliza kandoni mwa kaburi dogo. Ikiwa Mungu ananijua kwa jina, alikuwa wapi mtoto wangu alipokufa? Alikuwa wapi kampuni ilipofunga milango nikabaki na kodi ya miezi mitatu?

Sitajifanya kuwa na jibu la kulimaliza swali hilo. Lakini ninaweza kukuonyesha kwamba Biblia yenyewe hailifichi. Hajiri, baada ya kuitwa kwa jina, aliagizwa kurudi kwa bibi yule yule. Shida yake haikuondolewa siku hiyo. Hana, mamake Samweli, alilia hekaluni kwa kukosa mtoto hadi kuhani Eli, mtumishi wa Mungu mwenyewe, akadhani amelewa. Mungu alimjua, na bado alikuwa amelia miaka mingi.

Yesu naye alipozungumza kuhusu jambo hili alichagua mfano wa sokoni. Katika Injili ya Mathayo anasema shomoro wawili huuzwa kwa sarafu moja. Katika Luka anasema watano huuzwa kwa sarafu mbili. Kina mama wa sokoni, pigeni hesabu hiyo. Sarafu mbili zingepasa kununua shomoro wanne. Huyo wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza! Ni kama ile nyanya moja ndogo unayotupiwa ndani ya mfuko baada ya kulipa. Haina bei. Na Yesu anasema hata huyo hasahauliki mbele za Mungu.

Zingatia pia jambo hili: hakusema kwamba shomoro hawaanguki. Wanaanguka. Alichosema ni kwamba hakuna anayeanguka pasipo Baba kujua. Kisha akaongeza kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa. Ni nani anayehesabu nywele? Labda mama aliyempakata bintiye jioni akimsuka, akipitisha vidole polepole, akijua penye kidonda na penye nywele laini. Hesabu ya namna hiyo haifanani na ile ya kipande.

Basi ahadi ya Kikristo si kwamba anayejulikana na Mungu hataumia. Ahadi ni kwamba hataumia kama kitu kilichosahaulika. Kwa aliye mzima jambo hilo laweza kuonekana dogo. Kwa aliyelazwa wodini usiku, wageni wote wakiwa wameshakwenda, si dogo hata kidogo.

Kuna mtu mmoja aliyelijaribu jambo hili akiwa kifungoni. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri nchini Ujerumani, alikamatwa mwaka wa 1943 kwa kuupinga utawala wa Hitler. Mwaka wa 1944, akiwa katika gereza la Tegel jijini Berlin, aliandika shairi ambalo kichwa chake ni swali: mimi ni nani? Watu waliomzunguka walimwona mtulivu na shujaa. Yeye mwenyewe ndani alijiona mchovu na mwenye hofu. Yupi kati ya hao wawili alikuwa ndiye? Hakupata jibu. Alihitimisha kwa kumwachia Mungu, ambaye ndiye anayejua yeye ni nani, na ambaye yeye ni wake. Alinyongwa Aprili 9, 1945, akiwa na umri wa miaka 39.

Ninampenda Bonhoeffer kwa jambo hilo. Tunaambiwa kila siku tujitambue, tujijue, kana kwamba mtu akikaa na kioo muda wa kutosha atajiona mpaka mwisho. Lakini nani kati yetu anajijua hivyo? Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia alianza kusema kwamba wamemjua Mungu, kisha papo hapo akajisahihisha: au tuseme wamejulikana na Mungu. Wokovu wako hautegemei jinsi unavyomfahamu Mungu vizuri. Yeye ndiye aliyekufahamu kwanza.

Walio karibu na madhabahu

Hapa ni lazima nitoe onyo, na ninalielekeza kwetu sisi tunaojulikana sana kanisani. Katika sura ya 7 ya Mathayo, Yesu anawataja watu watakaofika siku ya mwisho wakijivunia unabii, miujiza na kutoa pepo, yote kwa jina lake. Atawajibu kwamba hakuwajua kamwe.

Maneno hayo yanawezaje kutoka kwa yule anayejua hata idadi ya nywele? Bila shaka hakukosa habari zao. Walichokosa ni urafiki. Walimfanyia kazi bila kumruhusu aingie ndani ya nyumba. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anaweza kujulikana na askofu, na kwaya, na wafadhili, huku moyo wake ukiwa chumba kilichofungwa kwa kufuli.

Zaburi ya 139 inatusaidia hapa. Mwimbaji anaanza kwa kukiri kwamba Mungu amekwisha kumchunguza, anajua kuketi kwake na kuinuka kwake, na hata neno ambalo bado halijafika ulimini. Lakini anapofika mwisho wa wimbo, anamwomba Mungu amchunguze. Sasa, mbona aombe jambo ambalo tayari limefanyika? Kwa maoni yangu, mwanzoni anaeleza ukweli, na mwishoni anaukubali. Mungu anakujua, utake usitake. Lililobaki mikononi mwako ni kumfungulia mlango.

Na mlango huo hufunguliwaje? Si kwa makubwa. Wiki hii, kabla ya kulala, jaribu kusali bila maneno ya mkutano wa hadhara. Yesu alifundisha kwamba Baba anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba, kwa hiyo hakuna haja ya hotuba. Mtajie lile jambo moja ambalo hujamwambia mtu yeyote. Hutamshtua.

Kama kuna mtu uliyemkosea kwa lile unaloficha, ujue kwamba kumwambia Mungu ni hatua ya kwanza tu. Mtafute mchungaji, padri, au mzee mwenye busara na kifua, akusaidie kupiga hatua ya pili.

Mwishowe, usile mkate huu peke yako. Anayejulikana na Mungu hana udhuru wa kuishi na watu asiowajua. Muulize yaya wako jina lake kamili, kwao ni wapi, na mamake anaendeleaje. Muulize soja wa geti watoto wake wanasoma darasa gani. Yule wa benchi la nyuma kanisani, leo usimwache aondoke kabla hujamshika mkono. Kuna mwanamke mtaani kwenu ambaye kila mmoja huitwa Mama Fulani, na yeye, kwa kuwa hana mtoto, watu hawajui wamwite nani. Mwite kwa jina lake, tena kwa sauti, mbele ya wenzake.

Pengine atageuka kwa mshangao, kama mtu ambaye hajaitwa kwa muda mrefu.

Jumapili njema.